Kikomo cha Kilomita 25 na Vilima vya Bukoba

Mtu akishanunua baiskeli ya umeme ya kwendea kazini, swali huja haraka: nitaiongezaje spidi? Ameshaona inavyoondoka kwa nguvu kutoka kusimama. Ameshaona pia kwamba ikifika kilomita 25 kwa saa mota inakata, pedali zinakuwa nzito ghafla, na bodaboda zote zinampita. Anajua kuna nguvu imefungiwa humo ndani, naye anatafuta fundi wa kumfungulia.

Swali hilo ni la haki. Anayekaa Rwamishenye na kufungua duka Bilele saa moja asubuhi hana sababu ya kuona haya kutaka kufika mapema. Lakini nikilipigia hesabu jambo hili kwa njia zetu za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, napata jibu ambalo nitalitetea hapa: kikomo cha kilomita 25 sicho kinachomchelewesha mtu wa Kagera. Kinachomchelewesha ni mlima. Dawa ya mlima na dawa ya kikomo ni vitu viwili tofauti, na fedha nyingi zinazotumika kununua ya pili zingefaa zaidi kununua ya kwanza.

Kikomo hicho hakikuwekwa kwa ajili yetu. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa PAS, baiskeli ambayo mota yake humsaidia anayekanyaga pedali badala ya kumsukuma peke yake, na sheria ya Japani ikataka msaada huo ukome kwenye kilomita 24 kwa saa. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa agizo la mwaka 2002: msaada ukome kwenye 25, na nguvu ya kudumu ya mota isizidi wati 250. Majimbo mengi ya Marekani yana madaraja matatu, mawili ya kilomita 32 kwa saa na la tatu la 45, na mota hadi wati 750. China, wanakotengeneza sehemu kubwa ya baiskeli za umeme duniani, kiwango cha mwaka 1999 kilikuwa kilomita 20. Kile kilichoanza kutumika tarehe 15 Aprili 2019 kikapandisha hadi 25, kikataka pedali ziwepo, uzito usizidi kilo 55, volti zisizidi 48 na mota isizidi wati 400.

Ukizisoma sheria hizo kwa makini utaona ndani yake mna vikomo viwili vilivyofungwa pamoja. Kimoja ni cha mwendo, kingine ni cha nguvu. Ulaya wamebana vyote viwili. Marekani wamebana mwendo lakini wakaachia nguvu mara tatu ya ile ya Ulaya. Mnunuzi wetu akisema baiskeli yake imefungwa, huwa anafikiria kile cha kwanza. Kinachomtesa kila siku ni cha pili.

Tuanze hata hivyo na cha kwanza, maana ndicho kinachoulizwa. Ndani ya mota hakuna kidhibiti mwendo cha chuma. Kontrola, kile kisanduku chenye nyaya nyingi kinachofichwa chini ya kiti au ndani ya fremu, husoma mwendo kutoka kwenye sensa, na ukifika ule ulioandikwa kwenye programu yake hukata umeme unaokwenda kwenye mota. Kwa hiyo njia zote za kukiondoa kikomo ni njia za kuielekeza upya kontrola au kuidanganya. Baiskeli nyingi za Kichina zina menyu kwenye skrini: fundi anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, anapandisha 25 kuwa 40, kazi imekwisha. Nyingine zina waya mmoja, mara nyingi mweupe, wenye kiungo kidogo cha plastiki, na ukichomolewa kikomo kinaondoka. Wengine huiambia kontrola kwamba tairi ni la inchi 20 wakati ni la 26, ikadhani mwendo ni mdogo kuliko ulivyo. Skrini inaonyesha 25, mwenyewe yuko 32, na tangu siku hiyo kila kipimo cha mwendo na umbali anachokisoma ni cha uongo. Kwenye mota ghali za kati za Bosch, zile zinazofungwa kwenye pedali, kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa ili kuipunja hesabu ya mizunguko, na watengenezaji nao wameweka programu inayoutambua mchezo huo na kuibana mota kabisa.

Hata zikifanikiwa, njia hizi zina mwisho wake. Kila mota ina mwendo wa juu unaotokana na volti za betri na namna waya wa shaba ulivyozungushwa ndani yake. Mota ya habu, yaani ile iliyo ndani ya kitovu cha tairi, ya volti 36 iliyokusudiwa kwa kikomo cha 25 mara nyingi huzunguka, tairi likiwa juu hewani bila mzigo, kwa mwendo wa kama 30 hivi. Ukiifungua unapata kilomita mbili au tatu za ziada kwenye tambarare. Ahadi ya 45 kutoka kwenye baiskeli ya namna hiyo, kwa kuchomoa waya tu, haiwezekani.

Halafu kuna hewa. Chukua mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 25, kwenye lami tambarare, hakuna upepo, ameketi wima kama wengi wetu tunavyoketi. Kwenda 25 kunataka kama wati 160 kwenye tairi. Kwenda 35 kunataka kama 365. Kwenda 45 kunapita 700. Nguvu ya kupasua hewa hukua kwa kasi kuliko mwendo wenyewe: ukiuzidisha mwendo mara mbili, hewa inadai nguvu mara nane. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa ya Bukoba ni nyepesi kidogo kuliko ya Tanga au Mtwara, na hesabu hizi tayari zimetupa nafuu hiyo.

Nguvu hiyo inatoka kwenye betri. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10, ambayo ni ya kawaida kwa baiskeli za kwendea kazini, ina wati-saa 360. Tuseme huisaidii mota kwa pedali, na tukubali kwamba moja ya tano ya umeme inapotea njiani kama joto. Kwa mwendo wa 25 utakwenda kama kilomita 45. Kwa 35 utakwenda 28. Kwa 45 utakwenda 18. Kutoka Bukoba mjini hadi Kemondo ni karibu kilomita 20. Wa kwanza anakwenda na kurudi, wa pili anaishiwa nguvu akiwa njiani kurudi, wa tatu hafiki. Na hapo nimeisawazisha barabara nzima kwenye karatasi, jambo ambalo hakuna greda linaloweza kulifanya kati ya Bukoba na Muleba.

Gharama ya umeme wenyewe haitishi. Kujaza betri hiyo kunakula chini ya nusu yuniti. Kwa bei ya TANESCO ya takriban shilingi 356 kwa yuniti kwa mteja wa T1, ni kama shilingi 150, wakati lita ya petroli imekuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000. Kinachouma ni umbali uliopotea. Kagera imeishi kwa miaka mingi kwa umeme ulionunuliwa Uganda na kupitishwa Masaka hadi Kyaka, na tunajua maana ya kukatika. Anayemaliza betri saa sita mchana kwa sababu ya kukimbilia 35 hana uhakika kwamba soketi atakayoikuta ina umeme.

Sasa mlima. Chukua mtu yuleyule na baiskeli ileile, mbele yake mwinuko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 anazokwenda anapanda mita 6. Mwinuko huo haumtishi mtu wa Bukoba. Tunayo mikali zaidi. Mota inatoa wati zake 250, naye anakanyaga kwa wati 100, ambazo ni kazi ya kutosha kwa mtu mzima asiyetaka kufika kazini akiwa amelowa jasho. Jumla 350. Atapanda kwa kilomita 17 kwa saa. Kikomo cha 25 hakijafikiwa, wala hakitafikiwa. Uchomoe waya mweupe, ubadilishe menyu, uidanganye sensa unavyotaka: atapanda kwa 17 vilevile, kwa sababu kilichomzuia ni uzito wake mwenyewe unaovutwa chini.

Mweke mzigo wa kilo 50 nyuma, mikungu miwili mikubwa ya ndizi au gunia la kahawa, na mwendo huo unashuka hadi kama 12. Anayeijua njia ya Muhutwe kupanda Kamachumu ameona watu wakizisukuma baiskeli zao kwa mikono, bega likiwa kwenye mkungu. Baiskeli ya umeme ingewaondolea watu hao taabu ambayo wazazi wao pia waliibeba, na ndiyo sababu nalichukulia swali hili kwa uzito. Lakini itawaondolea kwa nguvu ya kuvuta. Spidi ya tambarare haitawasaidia kitu.

Tuipime kwa dakika. Safari ya kilomita 10: tatu za kupanda kwa asilimia 6, tatu za kushuka, nne za tambarare. Baiskeli iliyofungwa kwenye 25 inatumia karibu dakika 10 na nusu kupanda, dakika 5 kushuka kwa kuachia uzito, na dakika 9 na nusu kwenye tambarare. Jumla ni dakika 25. Ondoa kikomo, tambarare iende 32 kwa mota iliyo na uwezo huo: unaokoa dakika mbili. Sasa kirudishe kikomo cha 25, lakini badili mota ya wati 250 iwe ya 500. Mlima sasa unapandwa kwa 25 kamili, umeokoa dakika tatu na nusu, na hakuna mahali popote barabarani ambapo mota imekusukuma kupita kikomo kilekile cha 25. Umechoka kidogo zaidi? Hapana, umechoka kidogo kuliko mwanzo. Ongeza mzigo na tofauti inazidi kuwa kubwa. Mahali penye tambarare tupu hesabu hii ingegeuka. Amsterdam, ambako kitu kirefu cha kupanda ni daraja, kikomo cha mwendo kweli ndicho kinachoamua muda wa safari. Sisi hatuko Amsterdam.

Mafundi watasema, na ni kweli, kwamba namba 250 iliyobandikwa kwenye mota ni nguvu ya kudumu. Kwa dakika chache mota hiyohiyo inaweza kutoa 400 au zaidi kama kontrola inaruhusu ampea 15. Kwa mlima mfupi hilo linasaidia sana. Kwa mlima mrefu mota inachemka, hasa ya habu. Mota ya habu imefungwa kwenye tairi, na tairi likizunguka polepole, mota nayo inazunguka polepole, ikilazimishwa kupanda kama gari lililowekwa gia ya nne mlimani. Ikishuka chini ya nusu ya mwendo wake wa juu, sehemu kubwa ya umeme inaoula inageuka joto badala ya mwendo. Hapo ndipo ufunguaji wa spidi unapomdhuru mtu wa milimani: anayenunua mota iliyozungushiwa waya kwa ajili ya kasi kubwa amenunua mota ambayo mlimani itakuwa mbali zaidi na mwendo wake mzuri, na itachemka mapema. Gia ndogo za nailoni zilizomo ndani ya nyingi ya mota hizo hulainika kwa joto, halafu meno yanakatika.

Mota ya kati, ile iliyo kwenye pedali, inavuta kupitia cheni, hivyo inatumia gia za baiskeli kama mguu unavyozitumia. Mlimani unashusha gia, mota inaendelea kuzunguka kwa mwendo unaoifaa. Kipimo cha kuangalia hapa ni newton-mita. Mota ya habu ya kawaida ya wati 250 ina kama 40. Za kati zina 60 hadi 85, kabla gia hazijaziongezea. Mwinuko wa asilimia 10 na mzigo wa kilo 50 unadai kama 52 kwenye tairi la inchi 26. Akitegemea mota peke yake, mwenye mota ya habu atashuka na kusukuma, mwenye ya kati atapanda. Kwa asiyeweza kununua mota ya kati, kuna njia ya bei nafuu ambayo wauzaji hawaisemi: tairi dogo. Mota ileile ya habu kwenye ringi ya inchi 20 inasukuma kwa nguvu zaidi kwa asilimia 30 kuliko kwenye ya inchi 26, kwa sababu mkono wake wa kusukumia ni mfupi. Spidi ya juu inashuka kwa uwiano uleule. Kwa mbeba ndizi hayo ni mabadilishano mazuri.

Njia nyingine inayotajwa sana ni kupandisha volti, kutoa betri ya 36 na kuweka ya 48. Hii inafanya kazi kweli, na tofauti na kuchomoa waya, inasaidia mlimani pia: kwa ampea zilezile, nguvu inayotoka kwenye betri inaongezeka kwa theluthi moja, na mwendo wa juu nao unapanda kwa theluthi. Lakini betri iitwayo ya 48 ikijaa ina volti 54.6, na kontrola nyingi za 36 zina kapasita zilizotengenezwa kuvumilia 50. Zinaweza kupasuka siku ileile, au zikavumilia miezi kadhaa kisha zikapasuka mbali na nyumbani. Ekseli ya mota nayo inaposukuma kwa nguvu zaidi inataka kujizungusha ndani ya foku. Ikiwa foku ni ya aluminiamu na hakuna mkono wa chuma wa kuishika ekseli, inaitanua, inakata nyaya zake yenyewe, na tairi la mbele linaweza kuchomoka. Anayeamua kupandisha volti abadilishe kontrola, aweke mkono wa kushikia ekseli pande zote mbili, na abadilishe chaja. Akifanya nusu ya kazi hiyo, afadhali asiguse.

Na kuhusu betri na chaja yake nasema kwa msisitizo. Betri za lithiamu hazisamehi. Ndani ya kasha mna sakiti ndogo inayoikata betri inapozidiwa ampea au kujaa kupita kiasi. Baadhi ya mafundi huiruka ili mota ipate mkondo mkubwa, na kwa kufanya hivyo wameondoa kitu pekee kilichosimama kati ya betri na moto. Jiji la New York, ambako wapeleka vyakula wengi wanategemea baiskeli hizi, mwaka 2023 lilihesabu moto 268 ulioanzia kwenye betri za namna hii, na watu 18 walikufa. Nanjing, China, tarehe 23 Februari 2024, moto ulioanzia sehemu ya chini ya jengo palipoegeshwa baiskeli za umeme uliua watu 15. New York wakataka betri zinazouzwa ziwe na cheti. China wakaandika upya kiwango chao, na toleo lililoanza kutumika Septemba 2025 linamtaka mtengenezaji aifanye kontrola na betri zisiweze kuchezewa kirahisi. Nyumba zetu nyingi zina mlango mmoja wa kutokea na nondo madirishani. Betri iliyofunguliwa na kuungwaungwa isichajiwe usiku chumbani watu wamelala, na isiwekwe kati ya kitanda na mlango.

Kabla ya kugusa waya wowote, kuna mwendo wa bure ambao wengi wameuacha barabarani. Tairi lenye upepo pungufu linaweza kula wati 30 au 40 bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa baiskeli ya wati 250 huo ni wizi mkubwa. Barabara ya changarawe pekee inadai karibu wati 70 zaidi ya lami kwa mwendo wa 25, kwa hiyo njia ya mkato ya vumbi si mkato wa betri. Pedi za breki zinazogusa ringi, cheni kavu iliyojaa udongo mwekundu, beringi za habu zilizokazwa kupita kiasi, vyote hivyo mota inavilipa. Koti la mvua lililoachwa wazi linaikamata hewa. Mikungu iliyofungwa kwa upana inaikamata zaidi ya ile iliyosimamishwa kwa urefu nyuma ya mgongo. Fundi mzuri wa baiskeli za kawaida, asiyejua chochote kuhusu kontrola, anaweza kukupa kilomita mbili au tatu kwa saa kwa bei ya grisi na pampu.

Kila kilichopanda kitashuka, na hapa ndipo sitaki kulegeza neno. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili barabara hukauka kwa nadra. Breki za raba kwenye ringi iliyolowa hushika nusu ya zinavyoshika zikiwa kavu, au chini ya hapo. Kwa mwendo wa 25 kwenye mvua, ukihesabu sekunde moja ya kushtuka, utasimama ndani ya mita 17 hivi. Kwa 40 utahitaji mita 36. Kati ya namba hizo mbili kuna mtoto anayevuka kwenda shule, kuna mama mwenye beseni kichwani, na wote wawili wamezoea kusikiliza mlio wa injini kabla ya kuvuka. Baiskeli ya umeme haina mlio. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani liliziomba nchi ziweke kilomita 30 kwa saa pale ambapo magari na watembea kwa miguu wanachangia njia, na mitaa ya Bilele siku ya soko ni mahali pa namna hiyo hasa. Baiskeli yenye uwezo wa kushuka kwa 45 iliyobaki na breki za raba haijaongezewa uwezo wowote; imepunguziwa uwezo wa kusimama. Fedha ya kwanza iende kwenye breki za diski.

Kisheria tuko mahali ambapo bado hapajachongwa vizuri. Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973, na kikomo chake cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi kiliandikwa bila kuifikiria baiskeli yenye mota isiyo na moshi. Nchi za Ulaya na Uingereza zinasema wazi kwamba baiskeli iliyoondolewa kikomo si baiskeli tena. Inahitaji namba, bima na leseni, na asiyekuwa navyo ananyang'anywa. Mtu anayekwenda 45 bila kukanyaga hapa kwetu, akimgonga mtu, asitegemee kwamba hakimu atamwita mwendesha baiskeli.

Tamaa ya kuondoa kikomo si ya wenye baiskeli peke yao. Madereva wa mabasi ya mikoani wanabanwa mwendo na mfumo wa ufuatiliaji wa VTS unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na baadhi yao wameadhibiwa kwa kuuchezea. Sikubaliani nao, ila naielewa tamaa yao: kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,400, na kila kilomita 10 za mwendo zinazoongezwa juu ya 80 zinapunguza saa nzima au zaidi. Mwenye baiskeli anajitia kwenye hatari ya namna hiyohiyo kwa dakika mbili.

Kwa anayehitaji mwendo wa pikipiki kwa sababu kazi yake ni kubeba abiria au kupeleka mizigo kutwa, jibu la kweli ni pikipiki ya umeme. Kigali, mji wa vilima kama sisi na usio mbali na mpaka wetu, umefika huko. Ampersand ilianza huko mwaka 2019 na vituo vya kubadilishana betri, na tangu Januari 2025 serikali ya Rwanda haisajili tena pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria jijini humo. Kampala ina Zembo, Nairobi ina Roam inayounda pikipiki zake humohumo. Vyombo hivyo vina fremu, breki, taa na namba vinavyolingana na mwendo wao. Jinja, upande wa pili wa ziwa letu, shirika la FABIO pamoja na EURIST la Ujerumani walichukua njia nyingine inayotufaa hata zaidi: AfricroozE, baiskeli ya umeme iliyojengwa kwa ajili ya mizigo.

Shirika la Viwango Tanzania litakapoandika kiwango cha baiskeli hizi, nalisihi lisinakili namba za Ulaya jinsi zilivyo. Kikomo cha mwendo kibaki. 25 kinatosha, na 30 nisingekipinga kwa baiskeli yenye diski mbele na nyuma. Lakini wati 250 ni kipimo kinachofaa njia tambarare, na kikiletwa Kagera, Kigoma, Mbeya au Lushoto kitawanyima watu wa milimani chombo chenyewe. Iruhusiwe mota ya 500 au 750, kontrola iendelee kukata kwenye 25, na muuzaji alazimike kuandika newton-mita kwenye kasha badala ya spidi ya juu. Kiwango kitaje uzito na mwinuko: kilo 150 kwa jumla, asilimia 10, bila mwendeshaji kushuka. Mahali pa kuipima baiskeli hiyo papo tayari, kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, mwezi wa Aprili, ikiwa na mikungu miwili nyuma, kupanda na kushuka.